Siwatu, Mlamwisho na Kuku wa Mtungini

Nifungue?

— Fungua!

Nifungue mlango au dirisha?

— Mlango, tuingie sote!

Wa mbele ni nani?

— Mwenye kusema!

Na wa nyuma?

— Mwenye kuitika!

Basi ingieni mkae, na aliye karibu na mlango aurudishe polepole.

Palikuwa na siku, na siku hiyo haikuwamo katika juma. Haikuwa Jumamosi, haikuwa Jumanne. Ilikaa katikati ya siku nyingine, kama usingizi wa mchana. Siku hiyo palikuwa na joko la vyungu linalongoja moto, na waliokuwepo penye joko walikuwa hawa.

Alikuwepo Kibwana bin Shomvi, mwasha joko. Hakuna moto wa vyungu uliowashwa pale ila kwa mkono wake.

Alikuwepo Mwinyimvua bin Shomari, msimulizi. Watu walivuka mto kuja kumsikiliza, na wakati wa kurudi walivuka bado wakicheka.

Alikuwepo Bi. Tabu binti Salehe. Mitungi yake ilikuwa na kuta nyembamba, na ulimi wake ulikuwa mwembamba zaidi, kama wembe.

Alikuwepo Mwavita binti Pazi, mfinyanzi, aliyekuwa akisimulia kwa sauti ya chini, na watu wakasogea.

Alikuwepo Siwatu, mtoto wa Mwavita, binti wa marehemu Kondo. Umri wake ulikuwa wa kufinyanga vikaango. Umri wa mitungi ulikuwa bado.

Na alikuwepo mmoja ambaye hakuna aliyemhesabu, kwa sababu alikuwa ndani ya moshi, na moshi ulikuwa haujawashwa.

Mji wenyewe uliitwa Kigaeni. Wako wasemao Vigaeni. Hao wamekosea. Jina ni Kigaeni, na limetokana na ule msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Watu wa pale walifinyanga vyungu vya nchi nzima, na wao wenyewe walikula katika vipande.

Mpo?

— Tupo!

Sasa sikilizeni desturi yao. Vyungu vya Kigaeni havikuchomwa kimya. Vikishapangwa jokoni, vikafunikwa kuni na nyasi, Kibwana akatia moto, mtu mmoja aliketi upande wa kichwani akaanza ngano. Mwingine aliketi upande wa miguuni akaitika. Huyo aliitwa mwitikiaji. Kazi yake ilikuwa neno moja, "Enhe," na pengine mawili, "Enhe, kisha?" Na sheria yake ilikuwa hii: mwitikiaji hasimami kabla msimulizi hajamaliza, wala hammalizii maneno yake. Maana vyungu, walisema, vina masikio. Chungu kikisikia ngano iliyokatika, nacho hukatika.

Ndivyo ilivyokuwa tangu wazee. Lakini watu huzoea. Ngano za Kigaeni zilisimuliwa hata zikawa laini kama udongo uliosuguliwa kwa gunzi. Kila mtu alijua sungura ataponea wapi na fisi ataanguka shimo gani. Mwitikiaji alipiga "enhe, enhe, enhe," huku akiwaza kama mchuzi wa nyumbani umetiwa chumvi.

Katika mji huo wa wasemaji ndimo alimozaliwa Siwatu, na maneno yalikuwa hayamtii. Si kwamba alikuwa bubu. Si kwamba alikuwa kiziwi. Si kwamba alikuwa hana akili, ingawa wako waliosema hivyo, tena kwa sauti. Maneno yake yalikuwa kama mbuzi wakati wa kuwatia zizini: akimwingiza huyu, yule ametoka. Alianza habari katikati. Alisema "yule," na hakusema yule ni nani. Alisema "kile," akakuonyesha kwa kidevu, nawe ukitazama huoni kitu. Jina lenyewe lilimjia baadaye, wewe ukiwa umekwisha kwenda zako.

Siku moja alikuja mbio kwa Bi. Tabu, miguu imelowa.

"Shangazi! Li... u... umekula. Yako."

"Nani amekula? Mbuzi amekula mchicha wangu?"

"Sio. Ule..."

"Paka amekula dagaa!"

"Sio. Ule, u..."

"Umekula wewe, umeshiba! Haya, nenda kacheze, mwanangu, unanipotezea jua."

Watu wakacheka. Siwatu akasimama pale, kinywa wazi, neno likiwa karibu kabisa, linaonekana. Kisha akaondoka. Bi. Tabu alipokwenda ukingoni jioni alikuta mto umepanda, umekula mitungi yake yote iliyoanikwa.

Hiyo ndiyo desturi nyingine ya Kigaeni, ile isiyotajwa. Kila Siwatu alipofungua kinywa, mtu alimmalizia. Wengine walimmalizia kwa kejeli, wengine kwa huruma, wengine kwa haraka tu. Yote yakawa mamoja. Neno lake lilirudi ndani likalala.

Isipokuwa kwa mama yake. Mwavita alikuwa akikanda udongo, na Siwatu akianza kusema, yeye aliitika "Enhe," akaendelea kukanda. Hakumtazama sana, maana mtu anayetafuta kitu ukimkodolea macho unampoteza. "Enhe. Nani huyo?" Akanyamaza, akageuza udongo. "Enhe, kisha?" Akanyamaza tena. Na kati ya enhe na enhe, Siwatu aliyaona maneno yakija kutoka mbali, moja moja, kama watu wanaovuka mto kwa miguu, wameinua nguo zao, wanapapasa kwa nyayo palipo na mwamba. Yakifika aliyasema. Yasipofika alingoja. Mama naye alingoja.

Alikuwa na ngano yake mwenyewe, huyo mtoto. Hakuitunga, aliiona tu. Wakati wa usingizi wa mchana ilimjia ikakaa mbele yake kama mtungi. Mtungi huwezi kusema umeanzia wapi. Unauzunguka, na kila upande ni mtungi. Alikuwa bado anauzunguka.

Basi turudi jokoni, siku ile.

Kibwana alitia moto. Moshi ukatoka mweupe, ukapanda kidogo, ukakataa kwenda juu. Ukakaa pale pale juu ya joko kama mgeni asiyeambiwa karibu. Mwinyimvua akakohoa kidogo, kama wafanyavyo mabingwa, akaanza.

"Palikuwa na mfalme, na mfalme huyo alikuwa na mabinti, na binti wa mwisho alikuwa na upele mwili mzima..."

Moshi ukaimba:

*Anza nimalize,*
*anza nimalize,*
*mwanzo wako, mwisho wangu,*
*anza nimalize.*

Watu wakatazamana. Ndani ya moshi mlikuwa na kinywa. Kilikuwa cha mviringo kama mdomo wa mtungi, na nyuma yake hamkuwa na uso, wala shingo, wala mtu.

"Wewe nani?" aliuliza Kibwana.

"Mimi Mlamwisho," moshi ulisema, kwa sauti nene kama mtungi mtupu unaopulizwa. "Mazimwi wengine hula nyama, wengine hula watoto. Mimi nakula miisho ya ngano. Ninyi mnayo mingi, imeiva, inanukia hata kule kwetu. Sharti langu si gumu. Mtu asimulie. Nikiujua mwisho kabla hajaufikia, naumeza, na sauti iliyoubeba naimeza. Nisipoujua, natapika vyote nilivyomeza."

"Na tukikataa kusimulia?"

"Chomeni vyungu kimya, mwone vitakavyotoka."

Mwinyimvua akacheka. "Mzee Kibwana, usitishike na moshi wako mwenyewe. Ngano hii nimeipamba mimi, sehemu zingine hata mke wangu hazijui." Akaendelea, "Basi yule mwenye upele akafukuzwa..."

"...na mwana wa sultani atamwokota," alisema Mlamwisho, "na upele utapukutika, ndani atakuwa dhahabu, na dada zake watamchotea maji ya kuoga."

Gup!

Mwinyimvua akafungua kinywa. Kikatoka kiuzi cha moshi. Na huko jokoni, pa! pa! pa! Vyungu vikapasuka.

Joko la pili, Bi. Tabu alijitolea mwenyewe. Alijifunga kanga kiunoni akasema, "Wanaume hamjui kusimulia, mnajua kujipamba. Mimi nitamtolea ya kugeukageuka. Sungura wangu safari hii ni mjinga! Haya, wewe kinywa, malizia hiyo!"

Moshi ukaimba:

*Anza nimalize,*
*anza nimalize,*
*mwanzo wako, mwisho wangu,*
*anza nimalize.*

"Sungura akiwa mjinga," alisema Mlamwisho, "basi mwerevu ni kobe."

Gup! Na vyungu, pa! pa! pa!

Msicheke. Bi. Tabu bila sauti alikuwa kama kinu bila mchi. Alikwenda huku na huku, mikono inatukana, na hakuna aliyeumia.

Siku zikapita bila joko. Chumvi ikaisha, unga ukaisha, na wanunuzi kutoka bara wakaja wakageuka na vichwa vitupu. Watu wakaenda kwa Mwavita. Walisimama tu uani kwake, na yeye akanawa udongo mikononi.

Joko la tatu, Mwavita aliketi upande wa kichwani akasimulia kwa ile sauti ya chini. Alisimulia habari za mwanamke asiye na mtoto, akafinyanga mtoto wa udongo, na mtoto akasimama akamwita mama. Watu wakasogea. Hata moshi ulisogea. Siwatu alikuwa amekaa karibu na goti la mama yake, na aliisikia sauti ile ikipita ndani ya goti.

*Anza nimalize,* moshi ukaimba, polepole mno. *Mwanzo wako, mwisho wangu.*

"Mvua itanyesha," alisema Mlamwisho, "na mama atakuwa shambani, na mtoto atayeyuka."

Mwavita alimtazama Siwatu.

Gup!

Ngano yake ilikuwa nzuri. Lakini ngano nzuri huenda inakotakiwa kwenda, na Mlamwisho alikuwa amekwisha kufika huko, amekaa anaingoja.

Mnakisikia kimya hicho?

— Tunakisikia!

Mimi nawaambia, hamjakisikia. Siwatu ndiye aliyekisikia.

Nyumbani kwa Mwavita udongo uliendelea kukandwa. Siwatu alikaa mlangoni akaanza, "Kuku. Yuko. Yule..." akangoja. Mama yake alifungua kinywa, na kiuzi cha moshi kikatoka, kikapinda mlangoni, kikaenda. Mwavita akajaribu kuitika kwa kiganja. Akapiga udongo: pwaa. Akanyamaza. Pwaa. Lakini pwaa si enhe. Siwatu aliyatazama maneno yake ng'ambo ya mto. Yalisimama ukingoni, yameinua nguo zao tayari, na hakuna lililotia mguu majini.

Siku ya kwanza alingoja. Siku ya pili alingoja. Siku ya tatu aliinuka akaenda kwa mwasha joko.

"Babu Kibwana. Washa."

"Niwashe nini, mjukuu wangu? Hakuna msimulizi."

"Mimi. Nita..."

"Utaleta kuni?"

"Sio. Nita..."

"Utachota maji?"

"Sio. Babu, nita..."

"Ah! Utamshika mama yako mkono asi—"

Hapo Kibwana alishikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha moshi wa miaka yake yote, kikamkunja, kikamkunjua, kikamtoa machozi. Alipoinua kichwa, tayari kumalizia, alikuta neno la mtoto limekwisha kufika.

"Nitasimulia," alisema Siwatu.

Kibwana alifuta macho. Kisha akaenda kupanga kuni.

Habari zikatembea. Watu wakaja jokoni wananung'unika. "Huyu? Ameshindwa Mwinyimvua, aweze huyu?" "Hata kutumwa chumvi huleta sukari!" "Mzee Kibwana, mtoto ana vineno vichache tu, navyo unataka vimezwe?" Bi. Tabu alipunga mikono kwa nguvu, na kila mtu alijua anachosema.

Mwavita alikuja wa mwisho, mbio, na udongo mikononi. Alimshika mtoto wake kifundo cha mkono, akatikisa kichwa, akatikisa tena. Kuku havunji yai lake.

"Mama," alisema Siwatu. "Enhe yako. Naitaka."

Mwavita hakumwachia mara moja. Udongo ulikuwa umeanza kukauka kati ya mkono na mkono. Kisha akamwachia, akaketi kando yake.

Moto ukatiwa. Moshi ukapanda, ukakaa. Kinywa kikafunguka, kikatazama kushoto na kulia.

"Ni huyu?" alisema Mlamwisho. "Huyu hata mwanzo hana. Na mwitikiaji wake yuko wapi?"

Upande wa miguuni palikuwa patupu. Hakuna aliyethubutu kukaa pale.

"Vyema. Nitakula haraka, nirudi kulala."

*Anza nimalize,*
*anza nimalize...*

Siwatu alifumba macho. Mtungi ulikuwa pale pale, unazunguka polepole. Akagusa upande uliokuwa karibu.

"Analia," alisema. "Ndani."

"Mtoto amefungiwa na mama wa kambo," alisema Mlamwisho. "Atafunguliwa na njiwa."

"Sio."

Moto ukalia ndani ya kuni. Siwatu alingoja. Ng'ambo ya mto, neno moja lilitia mguu majini.

"Kuku."

"Kuku! Amemezwa na nyoka, yumo tumboni. Mwindaji atampasua nyoka, kuku atatoka anapiga mbawa."

"Sio."

Watu waliokaa chini walikuwa wameziba vinywa. Kila mmoja alikuwa na mwisho wake ulimini, unawasha. Bi. Tabu aliuma upindo wa kanga. Wenye sauti waliogopa kuzitumia, na wasio nazo hawakuwa na la kufanya. Kwa hiyo ilitokea siku ile, bila mtu kukusudia, kwamba Kigaeni nzima ilinyamaza huku Siwatu akisema.

"M... mtungi," alisema. "Kuku, ndani. Unakwenda."

"Unakwenda kichwani kwa mchawi!" alisema Mlamwisho, na sasa alikuwa anasema upesi. "Atajikwaa, mtungi utavunjika, kuku atageuka msichana, mfalme atapita njia hiyo hiyo!"

"Sio," alisema Siwatu. "Mto. Unakwenda na mto."

Akanyamaza.

Kinywa kilifunguka kumeza, na hapakuwa na cha kumeza. Kikafunga. Kikafunguka tena. Siwatu hakukiangalia. Alikuwa ameuzunguka mtungi hadi upande ambao hajawahi kuuona, ameinama, anachungulia.

"Mayai," alisema. "Kuku anayalalia. Sio yake."

Moshi ulitikisika. Halafu sauti ile nene, iliyopungua unene kidogo, ikauliza:

"Ya nani?"

"Ya yule."

"Yule nani?"

"Wa chini. Wa maji." Siwatu alisugua paji la uso. Neno lilikuwa katikati ya mto, maji yamelifika kifuani. Hakuna aliyelivuta. Likaja. "Mamba."

Mtu mmoja akaguna. Watu wakamtazama kwa ukali, akajikunyata.

"Kuku amelalia mayai ya mamba," alisema Mlamwisho. "Ndani ya mtungi. Mtoni."

"Ndiyo."

"Naye hajui."

"Anajua."

"Anajua? Na bado anayalalia?"

"Yana baridi," alisema Siwatu.

Hapo moshi ulishuka. Ulishuka kutoka juu ya joko, ukapita ubavuni, ukafika upande wa miguuni, ukaketi. Kinywa kilikuwa wazi, kimemwelekea mtoto, na hakikuwa wazi kwa namna ya kula.

"Enhe," alisema Mlamwisho. "Kisha?"

"Mmesikia?" Kibwana aliruka kama kijana. "Ninyi nyote, mmesikia? Ameitika! Ameketi miguuni, ameitika! Ewe Mlamwisho, wewe sasa ni mwitikiaji wa joko la Kigaeni. Mwitikiaji hasimami. Mwitikiaji hamalizii!"

"Mimi? Mimi nimeuliza tu!"

"Ndiyo kazi yenyewe!"

Mlamwisho alitaka kufunga kinywa, hakuweza. Mtu anayengoja neno hawezi kumeza. Jaribuni ninyi. Kinywa kikabaki wazi, na vilivyokuwa ndani vikaona mlango.

Ikatoka sauti ya Mwinyimvua, na kabla ya kurudi kwa mwenyewe ilikohoa kidogo. Ikatoka sauti ya Bi. Tabu, nayo ilitoka inabishana tangu mlangoni: "Kuku gani mjinga huyu? Mamba! Hebu mwanangu, kuku huyo hana ndugu wa kumkanya?" Kisha sauti ya Mwavita ikatoka. Haikuwa na haraka. Ililizunguka joko, ikapita juu ya vichwa vya watu kama upepo unaotoka shamba la mpunga, ikaingia kwa Mwavita.

Wote wakamgeukia. Walingoja apige vigelegele. Walingoja alie. Walingoja aseme Alhamdulillahi.

"Enhe," alisema Mwavita.

Siwatu aliinamisha kichwa kwenye goti la mama yake, akaisikia inapita mle. Kisha akainua kichwa akaendelea. Kuku alikuwa bado yumo mtoni, na mtungi ulikuwa unakaribia mahali ambapo mizizi ya miti imeshikana juu ya maji kama mikono. Alisimulia mpaka makaa yakafifia. Aliacha mengi, alirudi nyuma, alisahau mtungi akaukumbuka. Mwavita aliitika upande mmoja, Mlamwisho upande wa pili. Na vyungu vilipotolewa jokoni vilikuwa vizima, ila baadhi vilikuwa na madoa meusi ya moshi, kama vimeshikwa na mkono wenye vidole virefu.

"Na mayai?" alisema Mlamwisho, kwa sauti ya kuomba. "Yameanguliwa?"

"Bado."

Watu walipokuwa wanabeba vyungu, Kibwana alimwinamia mtoto. "Mjukuu wangu, hebu niambie mimi peke yangu. Ulimtega?"

"Sio."

"Basi mwisho uliujua, ukamficha."

Siwatu alimwona babu huyu ni mgumu wa kuelewa. "Babu," alisema polepole, ili amsaidie. "Kuku. Bado yuko mtoni."

Kibwana akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Msidhani maneno ya Siwatu yalinyooka tangu siku ile. Hayakunyooka. Alikua, akafinyanga mitungi, akaolewa, akazaa, na maneno yake yalikuwa mbuzi wale wale. Kilichobadilika ni watu, nao walibadilika kwa shida. Wengine walingoja. Wengine walisahau kungoja wakakumbuka. Bi. Tabu ndiye aliyesahau zaidi. Alikuwa akianza, "Ehe, najua, mto umek—" kisha akajipiga kofi la mdomo, akasema, "Haya, sema mwenyewe, nipo, sina pa kwenda."

Na kila joko lilipowashwa, Siwatu aliketi kichwani, na moshi ukashuka ukaketi miguuni. Mlamwisho alikuwa na wimbo mpya. Alikuwa akiuimba kwa chini, kabla ngano haijaanza:

*Sema nisikie,*
*sema nisikie,*
*mwanzo wako, mwisho wako,*
*sema nisikie.*

Mtungi ulipita chini ya ile mizizi. Ulipita kwenye mji ambao watu wake hulala mchana, na mtoto mmoja tu alikuwa macho, akaupungia mkono. Ulipita katikati ya viboko, nao wakausogezea njia kwa pua zao. Kuku alikonda. Mayai yakapata joto. Mwavita akazeeka akikanda udongo, akiitika, hata akawa kikongwe, akafa usingizini kwa siku yake, na wajukuu wakakaa mahali pake wakaitika. Masika moja Siwatu alisimulia kwamba yai mojawapo limegonga kutoka ndani. Mara moja tu, tena taratibu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo hana hakika nayo. Kuku akainua ubawa kutazama.

"Enhe," alisema Mlamwisho. "Kisha?"

"Anatazama," alisema Siwatu.

Ngano ilifika hapo. Joko limezima, vyungu vimetoka. Kilicho kizima chukueni nyote, mkapikie. Chenye ufa niachieni mimi.

— Tumechukua!

Siwatu binti Kondo alifariki juzi asubuhi, hapo hapo Kigaeni, na kuku bado yuko mtoni.